Funzo la Kihansi kwa Watu wa Ngara na Biharamulo

Mwaka 1996, watafiti waliokuwa wakikagua korongo la mto Kihansi, upande wa kusini wa milima ya Udzungwa, walimwona chura ambaye hakuwamo katika kitabu chochote. Rangi yake ilikuwa manjano inayoelekea dhahabu. Jike aliyekomaa hakufika urefu wa sentimita 3, na dume hakufika 2. Hakutaga mayai majini kama vyura tuliowazoea. Alizaa watoto walio hai, wadogo mno, wakiwa tayari na miguu yao minne. Makao yake duniani yalikuwa hayo tu: majani na mawe yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko ya mto ule, eneo ambalo ukilijumlisha lote ni hekta 2 hivi. Wapo wakulima wa Ngara ambao migomba na kahawa yao vimeenea zaidi ya hapo.

Alipoonekana, ujenzi wa bwawa la umeme juu ya korongo ulikuwa umekwisha kuanza. Fedha zilikuwa zimetoka, zikiwamo za mkopo wa Benki ya Dunia, na mitambo ilikuwa inasubiriwa na nchi nzima yenye kiu ya umeme. Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake walimwandika rasmi kitaalamu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ilikuwa inazunguka. Karibu sehemu tisa katika kila kumi za maji ya mto ziligeuzwa zikapita kwenye handaki, na pale maporomoko yalipokuwa yakirusha manyunyu majani yakaanza kukauka. Kati ya mwaka sayansi ilipomjua chura yule na mwaka aliponyang'anywa manyunyu yake ilipita miaka minne.

Watu walihangaika kumwokoa, na lazima tuwape haki yao. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walisafirishwa kwa ndege hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, na baadaye wakalelewa pia katika bustani ya Toledo, jimbo la Ohio. Kule korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga kazi ya maporomoko. Mabomba yalisaidia kweli. Juni 2003 hesabu ya vyura korongoni ilikaribia 20,000, na yeyote aliyekuwa akiwahesabu alikuwa na sababu ya kushangilia. Haukupita muda vyura wakaanza kufa kwa mkupuo. Januari 2004 walioonekana kwa macho walikuwa 3. Mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ukatangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Mizoga ilipochunguzwa ilikutwa na kuvu iitwayo kitridi. Kuvu hii hushambulia ngozi, na kwa chura ngozi ni zaidi ya vazi: ndiyo anayonywea maji na ndiyo anayosaidiwa nayo kuvuta hewa. Ngozi ikiharibika, chumvi za mwilini huvurugika na moyo husimama. Kuvu hiyo imeua vyura Australia, Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asili yake ni Asia ya Mashariki, ikaenezwa duniani na biashara ya binadamu ya kusafirisha vyura. Husafiri ndani ya maji na ndani ya matope. Kwa hiyo wataalamu walishuku kwamba iliweza kuingia Kihansi ikiwa imeganda kwenye viatu au vifaa vya watu, na katika watu waliokuwa wakiingia korongoni walikuwamo wale waliokwenda kuwatazama na kuwasaidia vyura. Lingine lililoshukiwa ni dawa za mashambani zilizotuama kwenye matope ya bwawa, matope yakafunguliwa yakateremka na maji. Siku hizi anayeingia korongoni lazima asafishe viatu kwa dawa kwanza.

Hii ndiyo sehemu ya kisa inayoniuma kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nikilete hapa mkoani Kagera. Chura wa Kihansi alipatwa na misiba miwili ya kutazamwa: kwanza alitazamwa kwa kuchelewa, kisha huenda alitazamwa kwa miguu michafu.

Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege kutoka Marekani hadi maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2012 zaidi ya 2,000 walirejeshwa korongoni. Nakumbuka mazungumzo ya watu wakati ule. Vyura wamepanda ndege, binadamu hana dawa hospitalini! Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa la kuchekesha, lakini anayelalamikia gharama simbishii. Gharama ilikuwa kubwa kwa kweli. Ila ifahamike ilitokana na nini. Kumjua chura yule kabla ya bwawa kuchorwa kungegharimu watu wachache, tochi, madaftari, na misimu michache ya mvua. Maji ya kumwachia yangepangwa mezani, kwenye ramani. Kazi hiyo ndogo haikufanywa kwa wakati wake, na ndipo ikahitajika ile kubwa.

Sasa tuje nyumbani.

Ngara ni wilaya ya vilima na mabonde. Watu wamejenga juu, migomba inawazunguka, na chini bondeni kuna chemchemi, madimbwi, mafunjo na vijito vinavyokwenda kuungana na mito ya Ruvubu na Kagera. Biharamulo ni tambarare zaidi, ina miombo, malambo ya ng'ombe na mbuga zinazotuama maji wakati wa masika. Katika wilaya zote mbili hakuna kaya iliyo mbali na chura. Wengine huingia hadi sebuleni. Yule chura mkubwa mwenye ngozi ya vipele, anayekuja chini ya taa ya mlangoni kula wadudu, anafahamika kwa kila mtoto, na kwa bahati mbaya anafahamika kwa chumvi: akionekana, mtu hukimbilia jikoni kuchota chumvi ammwagie. Chumvi humnyonya maji kupitia ngozi ile ile niliyoieleza, akafa kwa mateso. Kosa lake ni kula mende, mchwa na nondo waliovutwa na taa yetu. Ana tezi nyuma ya macho zenye utomvu wa sumu, ni kweli, nazo humsaidia pale mbwa anapomng'ata. Kumtazama hakumdhuru mtu.

Wapo wengine ambao hatuwatazami kabisa. Kuna vyura wadogo wa matete, wenye urefu wa sentimita 3 hivi au pungufu, wanaolala mchana wamejibana kwenye jani na kuimba usiku. Dume mmoja hujaza hewa kwenye mfuko wa koo hadi ukawa mkubwa kushinda kichwa chake. Kuna mwenye mistari myeusi mgongoni anayetembea na kukimbia badala ya kuruka, ambaye jioni ya mvua za kwanza huita kwa sauti moja inayopanda ghafla, kama tone la maji linaloangukia ndani ya chupa. Kuna mchimbaji mwenye pua iliyochongoka ambaye huishi ardhini. Jike lake hutaga shimoni karibu na dimbwi litakalojaa, hukaa na mayai, na viluwiluwi wakiwa tayari huwatolea njia ya kufikia maji. Mama mkulima angeyaona hayo kwa macho yake asingemwita tena mdudu. Kuna pia yule wa kisimani, mwenye mwili bapa na macho yanayoangalia juu, asiye na ulimi, mwenye makucha meusi kwenye vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma. Jamaa yake wa Afrika Kusini alitumika hospitalini Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1930 kupima ujauzito: alidungwa mkojo wa mwanamke, na kama ana mimba chura alitaga mayai ndani ya saa chache.

Simwandikii mtaalamu. Mtaalamu ana vitabu vyake. Namwandikia mwenye nyumba, mwalimu wa shule ya msingi, mama anayechota maji, kijana mwenye simu yenye kinasa sauti. Kazi ya kuwajua viumbe hawa kabla hawajawa habari ya gazeti iko mikononi mwao, kwa sababu wao ndio walio pale kila usiku. Mtafiti akija, atakaa siku chache na atakuta msimu mmoja. Mwenye nyumba anakaa misimu yote.

Watu wa Ngara wanajua jinsi nchi inavyoweza kubadilika kwa muda mfupi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo mpakani katika muda wa saa 24 hivi wakikimbia vita. Benaco, wilayani Ngara, ikageuka kuwa mji mkubwa wa mahema, kuni zikakatwa kilometa kwa kilometa kuzunguka makambi, na vyanzo vya maji vikabeba watu ambao havikuwahi kuwabeba. Wenyeji waliwapokea, na hakuna mwenye utu anayeweza kuwalaumu waliokuwa wakiokoa roho zao kwa kukata mti wa kupikia. Miaka mingi imepita, vichaka vimerudi sehemu nyingi. Lakini muulize mtu leo: katika yale mabonde, kabla ya 1994, chura gani aliimba na gani haimbi tena? Labda bibi mmoja au wawili wanaweza kujibu. Wakiondoka, majibu yameondoka.

Pale Rusumo penyewe sasa kuna mitambo ya umeme ya megawati 80, mali ya pamoja ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Sisemi kwamba Rusumo ni Kihansi. Mito ni tofauti, maporomoko ni tofauti, na mradi umepangwa kwa namna nyingine. Nasema tu kwamba mahali maji yanapoguswa, iwe kwa mtambo mkubwa, iwe kwa lambo la kijiji au kwa shimo la kufyatulia matofali, chura ndiye wa kwanza kupata habari. Ngozi yake haina mlango wa kufunga. Mkulima anayesuuza bomba la dawa kijitoni baada ya kupulizia nyanya, au mahindi yaliyovamiwa na viwavijeshi, amemnywesha dawa hiyo kila kiluwiluwi aliye chini yake, na baada ya viluwiluwi, ng'ombe, na baada ya ng'ombe, mtoto mwenye ndoo.

Tuna methali: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tumeitumia sana kwenye majukwaa kuwanyamazisha wenzetu, na nadhani imetulea vibaya. Imetufundisha kuihesabu sauti ya chura kuwa ni usumbufu usio na maana, hivyo ikipungua hatuulizi. Huko Costa Rica na Panama vyura walitoweka eneo baada ya eneo kadiri kuvu ya kitridi ilivyosonga mbele kuanzia miaka ya 1980. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliweka tarehe za kutoweka kwao kando ya takwimu za hospitali, ukakuta kwamba malaria iliongezeka kwa miaka kadhaa katika maeneo yaliyopoteza vyura. Vyura hula mbu, na baadhi ya viluwiluwi hula au kugombania chakula na viluwiluwi wa mbu katika dimbwi moja. Mkoa kama Kagera, unaojua malaria ni nini, una sababu ya kutega sikio.

Nimesema chura alitazamwa kwa kuchelewa na huenda kwa miguu michafu. La pili linahitaji kuelezwa zaidi, maana nisije nikawatuma watoto wa watu wakaguse kila kinachotambaa.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba homa ya Marburg imethibitishwa Biharamulo. Ilikuwa mara ya pili ugonjwa huo kuukumba mkoa wa Kagera, baada ya ule wa Bukoba Vijijini wa Machi 2023. Mlipuko ulipotangazwa kuisha, tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliohesabiwa kuwa walikuwa nao, na wote walifariki. Ugonjwa huu huenea kati ya watu kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au maiti. Makao yake ya asili ni popo wanaokula matunda, wale wanaolala kwa maelfu mapangoni na kwenye mashimo ya migodi.

Nawaza jinsi jambo hilo linavyoweza kumfanya mtu achukie kila kiumbe kilicho karibu naye, na ndiyo maana nawasimulia ya Uganda, kwa majirani zetu. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, karibu na Ibanda, waliugua Marburg. Mgodi ulikuwa umejaa popo. Wachimbaji waliamua kuwamaliza: waliwaua kwa njia zote walizoweza hadi shimo likawa tupu. Mwaka 2012 Ibanda ikapata mlipuko mwingine, mkubwa kuliko wowote Uganda iliyokuwa imeuona hadi hapo, wagonjwa 15 na vifo vinne. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wamerejea, wachache kuliko zamani. Walipowapima, waliobeba kirusi walikuwa zaidi ya 13 katika kila mia. Kabla ya mauaji walikuwa kama 5 katika kila mia. Watafiti walidhani kwamba popo wageni walikuwa wamehamia katika nafasi iliyoachwa, wengi wao bila kinga. Hasira ya watu wa mgodini naielewa vizuri, maana walikuwa wamezika mwenzao. Lakini waliua kabla ya kujua, na hatari ikarudi imeongezeka.

Na kuna aliyekwenda kutazama tu. Mwaka 2008 mwanamke mtalii kutoka Uholanzi aliingia katika pango lenye popo na chatu kwenye msitu wa Maramagambo, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Alirudi kwao, akaugua Marburg, akafa. Mtalii Mmarekani aliyeingia pango hilo miezi michache kabla yake aliugua pia, akapona. Hawakuwa na nia mbaya na popo. Waliingia ndani ya chumba chao cha kulala, hilo tu. Popo wangetazamwa vizuri kwa kusimama nje, magharibi inapoingia, wakitoka kwa maelfu kwenda kutafuta matunda. Ndivyo inavyofanywa sasa: upande ule imejengwa sehemu ya kutazamia iliyo mbali na mdomo wa pango.

Basi anayetaka kuwajua viumbe vya nyumbani kwake ajifunze kutazama huku mikono ikiwa nyuma. Ajifunze pia subira. Ukimpeleka mjukuu kando ya dimbwi usiku, kelele zote zitakatika mara tu mnapofika, naye atauliza:

"Bibi, mbona wamenyamaza?"

"Wametusikia, baba. Kaa. Zima tochi kwanza."

Baada ya dakika chache ataanza mmoja, upande wa mbali. Atajibiwa na wa pili. Kisha bonde zima litafunguka tena, na ndipo mtoto ataanza kutofautisha anayekoroma, anayepiga filimbi na anayegonga. Wanaoimba ni madume. Majike wanasikiliza na kuchagua. Mtoto aliyeambiwa hivyo usiku mmoja hatahitaji kuambiwa tena, na kesho yake chumvi haitatoka jikoni.

Usiku huo huo kuna mengine ya kuona bila kwenda mbali. Kinyonga aliyelala kwenye ncha ya tawi huwa amepauka, na mwanga wa tochi humwonyesha wazi kuliko mchana. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa, ingawa hana sumu yoyote. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, angalia ni nani wanaokuja kula: chura, mjusi, kuku alfajiri, na sisi wenyewe. Novemba, senene wanapojaa kwenye taa, jambo la kuandika ni tarehe waliyofika na wingi wao kulinganisha na mwaka uliopita. Kereng'ende huzaa watoto wake majini, hivyo dimbwi lenye kereng'ende wa aina nyingi lina habari za kutoa kuhusu maji yake.

Vifaa ni daftari, kalamu, tochi, na buti za mpira zilizosafishwa. Daftari la shule la kurasa 64 linatosha misimu kadhaa. Andika tarehe, kama mvua imenyesha, mahali, na ulichokisikia. Kama hujui jina la chura, eleza sauti na umbo, au mrekodi kwa simu; jina litapatikana baadaye, lakini usiku ule hautarudi. Anza na usiku wa mvua ya kwanza ya Septemba au Oktoba, halafu endelea hata siku ambazo husikii kitu, kwa sababu siku ya kimya nayo ni taarifa. Shule zilizo karibu na mabonde zinaweza kuligawia kila darasa dimbwi lake, na daftari likarithiwa na darasa linalofuata. Kama shule moja ya Ngara na moja ya Biharamulo zingefanya hivyo kwa miaka kumi, wilaya hizi zingekuwa na kumbukumbu ambayo Kihansi hawakuwa nayo walipoihitaji.

Tangu 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yamekuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilometa za mraba 4,700. Ni jambo jema na ninalifurahia. Lakini mpaka wa hifadhi unaishia mahali fulani, na chura wa chemchemi ya kijiji hana askari wanyamapori. Anachoweza kupata ni jirani anayemjua.

Kuhusu buti: usitoke bonde moja ukaingia lingine na matope yale yale. Sugua kwa brashi, suuza, kisha anika juani hadi zikauke kabisa, kwani kuvu ya kitridi haivumilii ukavu. Ndoo na nyavu vivyo hivyo. Usihamishe viluwiluwi kutoka dimbwi hadi dimbwi kwa huruma, hata kama dimbwi linakauka. Ukihama nao, unaweza kuhama na ugonjwa. Mtoto akimshika chura, naye atamshika, basi mikono iwe imelowa maji safi, haina mafuta wala dawa ya mbu, amwachie pale pale, kisha anawe kwa sabuni. Bomba la dawa lisuuzwe shambani, maji yamwagwe juu ya udongo wa shamba mbali na kijito. Mapango na mashimo ya migodi ya zamani yasiingiwe, na tunda lililoliwa nusu na popo litupwe, lisimenywe sehemu iliyobaki.

Na ikitokea siku umekuta vyura wengi wamekufa kwa pamoja, au popo wameanguka chini ya mti, au ndege, usiwaguse na usiwafukie haraka kuficha aibu ya kijiji. Wazuie watoto na mbwa, andika mahali na saa, piga picha ukiwa umesimama mbali, na mpigie mtendaji wa kijiji au ofisa mifugo siku hiyo hiyo, kabla mvua haijanyesha na kabla fisi hawajapita.